Kiu Iliyomchukua Kaka Yangu

Kaka yangu Lomayani alikufa akiomba maji. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu huenda wewe unayesoma una mtu nyumbani anayekunywa maji kuliko kawaida yake, na sitaki ufike mwisho wa habari hii ndipo unyanyuke. Kama yupo, mpeleke akapimwe sukari leo. Mengine utayasoma ukirudi.

Sisi ni watu wa Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ambako mvua hufika imeshachoka. Mama yangu, ninayemwita Yeyo kama tunavyowaita mama zetu kwa Kimaa, alizaa watoto wawili tu. Lomayani alikuwa wa kwanza, mimi Nashipai nikafuata. Alipougua nilikuwa bado sijaanza shule. Alikuwa mchunga ndama mwenye mbio, halafu kiangazi kimoja akaanza kukonda huku anakula vizuri. Alikunywa maji yaliyowekwa ya kupikia, akanywa hata yaliyokuwa kwenye ndoo ya ndama. Akaanza kukojoa kitandani, mvulana mkubwa vile, na asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye ngozi aliyolalia.

Baba alikuwa mbali na ng'ombe, akitafuta malisho. Wanawake wakubwa wa jirani wakamwambia Yeyo kwamba mtoto anakojoa kwa sababu anakunywa mno, amnyime maji. Yeyo akamnyima. Akauficha mtungi. Hakuwa mama mkatili, alifuata maneno ya waliomzidi umri. Haikupita muda Lomayani akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na kumbe amelala chini tu. Hakuiona mvua ya mwaka ule.

Kwetu jina la marehemu halitajwi ovyo. Tangu walipomzika sikuwahi kumsikia Yeyo akilitamka, na mimi sikuuliza. Haya niliyoandika hapo juu niliyajua vipande vipande, kutoka kwa shangazi, na mengine niliyaona mwenyewe kwa macho ya mtoto asiyeelewa anachokiona. Nadhani ndiyo maana ugonjwa uleule uliponijia mimi, mtu mzima, mwalimu wa darasa la tatu, sikuutambua.

Ulianza wakati wa masika. Nilikuwa nimeolewa na Godlisten, kijana wa Kilimanjaro anayefunga umeme kwenye majengo, na tulipanga nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa yenye ukuta, mjini, mtaa wa Njiro. Shule ninayofundisha iko Engutoto. Kiu nilidhani ni vumbi la chaki. Nilikuwa na chupa ya maji mezani, ikawa mbili, kisha nikawa nayajaza tena bombani wakati watoto wanaandika. Chooni nilikwenda mpaka wanafunzi wakaniwekea wimbo. Nikishika mlango tu nasikia kwa nyuma, "Madamu anaenda tena."

Nilikonda. Hapo niseme ukweli, nilifurahi. Sketi zilizokuwa zinanibana tangu harusi zikaanza kuzunguka kiunoni, na walimu wenzangu wakawa wananiuliza ninakunywa dawa gani. Nikacheka, nikasema ni kutembea. Baadaye nikapata muwasho sehemu za siri, nikanunua dawa ya fangasi duka la dawa, ikatulia na kurudi. Misuli ya miguu ikawa inanikaza kitandani. Macho yakaingia ukungu. Nilisahihisha daftari za hesabu nikiwa nimeziinamia kama mtu anayenusa chakula. Kila jambo nililipa sababu yake peke yake. Chaki, harusi, kusimama sana, umri. Sikuyaweka pamoja hata mara moja.

Nilipozidiwa na uchovu nilikwenda zahanati. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima mkojo, wakasema yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, wakanipa vidonge. Siwalaumu, maana na mimi nilieleza nusu. Kiu sikuitaja, kwa sababu nani anakwenda kwa daktari kumwambia anapenda maji?

Kisha nikaanza kutapika. Godlisten akafurahi. Tulikuwa tunasubiri mtoto, na yeye hakuwa mtu wa kusema mambo ya moyoni, lakini asubuhi ile nilimsikia anapiga mluzi jikoni huku ananichemshia uji. Mimi nilijua si mimba, nilikuwa nimetoka kwenye siku zangu. Ningeweza kumwambia. Nikamwonea huruma na mluzi wake, nikanyamaza. Akampigia simu Yeyo kumpa habari njema.

Yeyo alikuja kesho yake na kibuyu cha maziwa mgando, shuka lake jekundu limefungwa vizuri begani. Mimi nilikuwa kwenye kochi, tumbo linaniuma, siwezi kunyanyuka. Nikainamisha kichwa aniamkue kama tunavyofanya kwetu. Akaweka kiganja utosini pangu, akainama kunisemesha, akasita katikati. Niliuona uso wake karibu na wangu na pua yake inafanya kazi.

"Pumua tena," akaniambia kwa Kimaa.

Nikapumua.

"Unakunywa maji?"

"Nakunywa."

"Mengi?"

"Mengi, Yeyo."

Akaketi chini kwenye sakafu, pale pale aliposimama.  Kisha akasema, "Lomayani alinuka hivi. Kama ndizi zilizoiva zikapitiliza." Miaka yote ile sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake, na alipolitaja alikuwa ananitazama mimi.

Godlisten akatokea jikoni na kikombe cha uji. "Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, ni mambo ya mimba hayo."

Yeyo Kiswahili chake ni kidogo, cha sokoni. "Hapana mimba," akamjibu. "Hospitali. Sasa."

Kwenye benchi la mapokezi watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na homa yake. Mimi nilikuwa nimeegemea bega la mume wangu, napumua kwa nguvu bila kutaka, kama mwili umekodishwa kwa mtu mwingine. Yeyo hakukaa foleni. Alikwenda moja kwa moja kwa nesi aliyekuwa mlangoni, akamshika mkono, akamleta mpaka usoni pangu, akamwonyesha kwa ishara kwamba anuse. Yule nesi alicheka kwanza, kisha akanusa, akaacha kucheka. Wakanitoboa kidole. Mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Baada ya hapo nakumbuka dari ikipita juu yangu, na mtu akisema, "Mwekeeni dripu, haraka."

Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa wodini, maji yanaingia mkono mmoja na insulini inaingia mwingine. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa shukrani. Nilitazama matone yale yanavyoshuka moja moja, safi, ya kutosha, nikamwona kaka yangu amelala kwenye ngozi akiutafuta mtungi kwa macho. Nilijiona kama mtu aliyepewa sehemu ya mwenziwe. Wagonjwa wengi niliozungumza nao tangu siku ile wananiambia walijilaumu kwa kuchelewa, kwa kula sukari, kwa kuwasumbua watu. Mimi nilijilaumu kwa kuwahi. Yeyo alinitambua kwa harufu ya mtoto aliyemzika.

Daktari alikuja kutueleza. Alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye kuongea taratibu. Alisema ni kisukari kile ambacho mwili umeacha kutengeneza insulini, kwamba kinawapata sana watoto na vijana ingawa hata mtu mzima kinaweza kumwanza, na kwamba nitajichoma sindano kila siku maisha yangu yote. Yeyo alisikiliza sauti, mengine yalimpita. Mimi ndiye nilikuwa namtafsiria. Kisha akaniambia, "Muulize jambo langu."

"Jambo gani, Yeyo?"

"Muulize, mtoto wa umri ule, angeletwa hapa, angeishi? Na muulize kama maji niliyomnyima ndiyo yaliyomuua."

Nilimwuliza daktari. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Daktari alimtazama mama yangu, akafikiri, nami nikaona anataka kusema ukweli bila kuumiza.

"Mwambie mama kwamba angewahi kuletwa, angeishi kama wewe. Na maji, kwa kweli, mgonjwa wa hali ile anayahitaji kuliko kitu chochote. Kumnyima kulimzidishia. Lakini mwambie pia hakuwa na namna ya kujua. Usisahau kumwambia hilo."

Yeyo alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki, mikono magotini, ananisubiri mimi. Alikuwa amezeeka ghafla katika zile siku za wodini. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kimaa, "Anasema kwa watoto ni tofauti. Dawa hii kwa mtoto haifanyi kazi. Ungemleta au usingemleta, mwisho ungekuwa uleule. Na maji hayakuhusika."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akalaza mgongo ukutani. Daktari akatabasamu, akaniambia, "Umeona? Amepata faraja." Nikasema ndiyo. Mchana ule Yeyo alilala usingizi akiwa amekaa, mdomo wazi kidogo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walizungumza kwa sauti ya chini wasimwamshe. Nilijiambia nimefanya tendo jema kuliko yote niliyowahi kufanya.

Nilitoka hospitali mvua zikiwa zimekatika na baridi imeanza. Kwa wiki kadhaa macho yalizidi ukungu, nikadhani napofuka. Kumbe ni mwili unazoea, baadaye yakarudi. Nyama zikarudi mwilini pia, sketi zikanibana tena, na walimu wenzangu safari hii hawakuuliza kitu. Tumboni nilipokuwa napenda kujichoma pakaota vinundu mpaka Mwanaidi, nesi wa kliniki ya kisukari, aliponigombeza.

"Dada, tumbo lako si lango moja. Hamahama. Leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa pajani."

Mwanaidi ndiye aliyenifundisha kuviringisha chupa ya insulini viganjani badala ya kuitikisa, kutazama nyayo zangu kila nikivua viatu, na kutembea na kitu cha sukari mkobani, maana insulini inaweza kuishusha sukari ya mwili kupita kiasi. Hilo la mwisho nililipuuza. Basi asubuhi moja ya baridi kali, mlima umefunikwa na watoto wote wamevaa masweta, nikiwa ubaoni nikaanza kutokwa jasho. Mstari niliokuwa naandika ukateremka kama unaelekea sakafuni. Nikawafokea watoto kwa jambo ambalo hata sasa silikumbuka. Mama mpishi wa shule, aliyekuwa anapita na sufuria, ndiye aliyeniona. Alinikalisha, akaninywesha uji wenye sukari nyingi kijiko kwa kijiko mbele ya darasa zima, na watoto wakatulia kimya kama kanisani. Tangu siku hiyo ananiwekea kikombe changu kabla kengele haijalia. Hatujawahi kulizungumza.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi kuliko mwilini. Godlisten aliacha kununua ndizi mbivu. Soda alikunywa nje ya geti, akarudi anajifuta mdomo kama mwanafunzi aliyevuta sigara. Nilimwambia si lazima, hakusikia. Alikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda, na siku moja ikapata.

"Uliniacha nipige simu," alisema. "Ulijua hakuna mtoto, ukaniacha nimpigie mama yako."

"Nilikuonea huruma."

"Huruma yako ina madhara, Nashipai."

Alitoka, akarudi baada ya saa moja na mboga, akaosha, akakata, tukapika pamoja. Sikumwambia kwamba kuna huruma nyingine kubwa kuliko ile, niliyoitumia wodini. Kila nilipojichoma niliikumbuka. Si kwamba nilijuta kumwongopea Yeyo, wakati ule bado. Nilichokuwa nikikihisi ni kwamba nimemchukulia Lomayani kitu cha pili. Kwanza nimechukua sindano zake, kisha nimechukua hata ukweli kwamba angeweza kuishi. Nilimfanya awe mtoto ambaye kufa kwake hakuwa na njia nyingine.

Mvua za vuli zilipokwisha na shule zikafungwa, tulikwenda Oldonyo Sambu kumsalimia Yeyo, Godlisten akiendesha gari dogo aliloazima kwa fundi mwenzake. Yeyo alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa anacheka. Ametengeneza loshoro, yale mahindi na maziwa mgando tunayoyapenda, akanitengea sehemu yangu ndogo kwa kipimo nilichomwelekeza. Tulikaa jikoni naye akawa ananipa habari za majirani, nani kaoa, nani kapoteza ng'ombe. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya habari za kawaida:

"Na mtoto wa Mama Namnyak, yule msichana mdogo, ameshikwa na ule ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Huu wenu. Anakunywa, anakojoa, amekwisha mwili. Mama yake alitaka kumpeleka mjini. Nikamwambia asimchoshe mtoto na safari, daktari alishatuambia kwa watoto hauna dawa. Nikamwambia asimnyime maji tu. Ampe kila anachotaka, amshike."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyetoa msaada mzuri kutoka kwenye msiba wake mwenyewe.  Niliweka bakuli chini.

"Yeyo, nilikudanganya."

Alinitazama.

"Daktari hakusema vile. Dawa inafanya kazi kwa watoto. Alisema angeishi. Nilikudanganya kwa sababu nilikuona umechoka."

 Alichukua kifuniko, akafunika sufuria, akasukuma kuni nje ya mafiga. Akasimama, akavuta shuka lake. "Mwambie mume wako awashe gari," akasema.

Nyumbani kwa Mama Namnyak msichana alikuwa amelala mlangoni kwenye kivuli. Watoto wa kwetu wakimwona mkubwa hukimbia kuinamisha kichwa waamkuliwe. Namnyak alitutazama tu. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na kifua chake kidogo kilipanda na kushuka kwa ule mwendo. Nilipoinama ile harufu ikanipiga usoni. Ni mara yangu ya kwanza kuinusa kwa mtu mwingine. Nilitoa mashine yangu mkobani, nikamtoboa kidole, hakulia. Mashine ikaandika lile lile ililoniandikia mimi.

Nilikuwa na insulini yangu mkononi, nimeshafungua kifuniko. Nilitaka kumchoma pale pale, nilitaka kurekebisha kila kitu kwa sindano moja. Bahati simu ilishika. Nilimpigia Mwanaidi.

"Usimchome," alisema. "Unanisikia, dada? Kipimo chako cha mtu mzima kinaweza kumuua. Kama anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo, mje sasa hivi. Mimi nawaambia wa dharura wajiandae."

Mama Namnyak alikuwa mwanamke mdogo, mjamzito, na alikuwa anamtazama Yeyo, si mimi. "Si ulisema hakuna dawa?"

"Nilisema," Yeyo akajibu. "Ipo. Ingia garini."

Hakumwambia kwamba nilimdanganya. Alijitwika yeye kosa lile, mbele yangu, na nikamwacha alichukue kwa sababu ulimi wangu ulikuwa mzito. Njia nzima ya kushuka mjini alimpakata Namnyak kiti cha nyuma, akimdondoshea maji midomoni kwa kona ya shuka aliyoilowesha. Mimi nilikaa mbele. Godlisten alielewa kutokana na nyuso zetu. Kila nilipogeuka kumtazama mtoto niliyaona macho ya Yeyo, na kila mara yalikuwa kwa mtoto.

Wakampokea mlangoni. Mama yake akaingia naye. Mimi na Yeyo tukabaki kwenye benchi, tumepakana, kama watu wasiojuana. Watu walikuja, wakaitwa, wakaondoka. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi lingine. Mwishoni alizungumza yeye.

"Kwa hiyo angeishi."

"Ndiyo, Yeyo."

"Na maji?"

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. "Alisema yalimzidishia. Alisema pia hukuwa na namna ya kujua. Alinisisitiza nikuambie hilo, nami hata hilo sikukuambia."

 Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke.

"Miezi hii nilikuwa nalala," akasema. "Nilishukuru. Nilidhani nimepumzishwa." Akajifuta kwa kiganja. "Mwanangu, mzigo wangu naujua uzito wake. Usinichagulie tena cha kubeba."

Namnyak aliishi. Ilichukua siku kadhaa kabla hatujaambiwa hivyo kwa uhakika. Alipopata nguvu ya kuongea jambo la kwanza alilolalamikia ni kwamba nesi ana mikono ya baridi. Nilitoka nje ya wodi nikalia nyuma ya jengo, karibu na mahali wanapoanika mashuka. Baadaye nilimweleza Mama Namnyak ukweli wote, kwamba ni mimi, si Yeyo. Alinisikiliza. Hakunisamehe wala hakunitukana. Alisema, "Sasa nimejua," akarudi kwa mtoto wake. Mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa heshima, lakini kikombe cha chai bado hajanikaribisha. Ni haki yake.

Yeyo hakunipigia simu majuma mengi. Nilipopiga mimi alijibu, akauliza hali ya mwili wangu, akakata. Godlisten ndiye aliyekuwa akimpelekea vitu, naye akirudi hakunieleza walichozungumza.

Wewe unayeyasoma haya nyumbani kwako, ninakuomba usifanye nilivyofanya mara mbili. Usiyape mambo sababu moja moja. Kiu isiyokatika, kukojoa kusikoisha, mtoto aliyeacha zamani kuanza tena kukojoa kitandani, kukonda huku anakula, uchovu, macho ya ukungu, muwasho unaorudi, hayo yaweke pamoja. Kukija kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito na harufu ya tunda lililopitiliza mdomoni, usingoje kesho, nenda. Maji mpe. Na ukifika, waambie wazi wapime sukari, hata kama unaona aibu. Kisha ukiambiwa ukweli, umpelekee mwenyewe kama ulivyo. Mwenye msiba anaweza kuubeba. Asichoweza kubeba ni kumwelekeza vibaya mtu mwingine bila kujua.

Masika yalirudi. Mama Namnyak alikuwa amejifungua, hawezi kuja mjini kila kliniki, ikaamuliwa kwamba Yeyo ndiye atakayemleta msichana. Walikuja wamelowa, Namnyak amevaa koti la mtu mkubwa. Nilikuwa na kliniki yangu siku hiyo, nikawangoja mlangoni. Namnyak alikimbia kuinamisha kichwa. Yeyo akaniruhusu nimwamkie, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula.

Zamu yao ilipofika niliinuka niingie nao, kutafsiri. Yeyo akaniwekea mkono begani, si kwa nguvu.

"Wewe kaa," akasema.

Akaingia na mtoto, mlango akauacha wazi. Nilimwona akiketi mbele ya Mwanaidi, akaweka mezani kwake chupa ya insulini aliyokuwa ameifunga kwenye kitambaa. Akatafuta maneno. Alichukua muda, na Mwanaidi akamngoja.

"Mimi mtoto moja alikufa na hii ugonjwa," akasema kwa Kiswahili chake. "Inaitwa Lomayani. Hii hapa ni ingine. Nifundishe mimi mwenyewe. Pole pole."

Mwanaidi akasogeza kiti chake karibu, akafungua sindano.